Uluriaq na Birika la Bluu

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Leo hakuna bingo. Najua kadi ziko mezani na kalamu mmeshashika, lakini leo hakuna bingo. Uluriaq amefariki. Narudia, kwa waliochelewa kufungua redio na kwa walio kwenye mahema: Uluriaq, mke wa Nutaraq, mama yake Litia, amefariki Jumanne asubuhi nyumbani kwake, ile nyumba ya kijani karibu na matangi ya mafuta. Alikuwa na miaka sabini na tisa.

Hii ni redio ya kijiji cha Nuvuktaq, na mimi ni Inuusiq, mnanijua. Hapa nimewasomea hali ya hewa. Nimetangaza mbwa waliokata minyororo. Nimetangaza nani kaua na watu waende na vyombo wakachukue nyama. Nimetangaza vifo vingi, na nilidhani hiki kitakuwa kama vingine. Tangu Jumanne sijalia. Sijui machozi yamekwenda wapi. Nimeshika kikombe hapa, naona mvuke unatoka, najua ni cha moto, lakini mkono hausikii kitu. Basi nitasimulia tu, moja baada ya jingine. Kwa desturi kipindi cha kumbukumbu hurudiwa jioni, wawindaji wakisharudi kutoka ukingo wa barafu, kwa hiyo nitajitahidi kusema vizuri.

Kwanza niseme jambo moja, ili nesi mpya na walimu wageni wasidhani nimechanganyikiwa. Uluriaq aliniita baba. Mimi nilimwita binti yangu. Alinipita miaka thelathini na miwili. Baba yake mzazi, Inuusiq mkubwa, alifariki mwaka wa sitini na tano, barafu ikiwa changa. Mimi nikazaliwa Januari iliyofuata, nikapewa jina lake. Na sisi hapa mtoto hapewi jina tupu. Mwenye jina anarudi nalo.

Mama yangu anasimulia kwamba nilipokuwa na siku tatu Uluriaq aliingia ndani, akafunua blanketi, akanitazama kwa muda. Akasema, "Baba, mbona umerudi na pua ndogo hivi? Uliondoka na pua ya maana." Halafu akakaa sakafuni akalia mpaka chai ikapoa.

Mume wake, Nutaraq, mwindaji aliyeogopwa hata na dubu, alianza kuniita baba mkwe nikiwa bado kwenye nepi. Alikuwa akiniletea ini la sili, kipande cha kwanza, anaweka mbele yangu na kurudi nyuma kwa adabu. Watu wakimcheka, anasema, "Mkwe ni mkwe, hata akijikojolea."

Kwa hiyo nikisema leo nimefiwa na binti yangu, nesi, usiandike kitu kwenye faili langu.

Uluriaq alizaliwa mwaka wa thelathini na nne, kwenye kambi ya Ghuba ya Mawe Mawili, ndani ya nyumba ya theluji, mwezi wa pili. Narudia, mwaka wa thelathini na nne, kwa sababu kadi ya serikali inasema thelathini na sita. Aliyeandika kadi hiyo aliona anacheka sana, akampunguzia miaka. Hakwenda shule, herufi alijifunza kanisani. Alijua kushona viatu vya ngozi visivyoingiza maji, mshono mmoja ndani ya mwingine, na hapa kijijini wamebaki wanawake wanne tu wanaojua hivyo. Sasa ni watatu.

Na alijua maji ya sili. Hilo alifundishwa na baba yake akiwa na miaka sita. Wazee mnajua ninachosema. Watoto, sikilizeni, maana siku hizi mnapita na skuta ya theluji mnampakia sili kama gunia. Sili anaishi kwenye maji ya chumvi, kiu yake haiishi. Anajua sisi tuna maji matamu. Ndiyo maana anakubali kuja kwetu. Akishauawa, mwanamke anatia theluji safi kinywani mwake, anangoja iyeyuke, anainama, anafungua mdomo wa sili kwa kidole gumba, anadondosha maji. Mara moja. Sili amekunywa, anaondoka kwenda kuwaambia wenzake: kwa watu wale nilipewa maji. Ukimpa mara ya pili unamwambia hukuamini kama amekunywa. Au unamwambia ulikuwa unacheza tu. Kwa hiyo ni mara moja. Narudia, mara moja.

Sasa nafika mwaka wa sitini na nane, mwezi wa Aprili.

Mwaka huo alikuja mtu wa kusini na masanduku mawili ya kamera. Jina lake walikuwa hawawezi kulitamka, wakamwita Masikio, kwa sababu hakutaka kuvuta kofia ya koti asije akashindwa kuisikia mashine yake, na masikio yakawa mekundu kama nyama. Alikaa kwenye hema la Nutaraq na Uluriaq wiki tatu. Hakuwa mtu mbaya. Uluriaq alisema hivyo mpaka mwisho, na mimi nasema alivyosema. Aliosha vyombo. Alicheza na Litia, aliyekuwa anatambaa. Alijaribu kuchonga dubu kwa jiwe, akatoka na kitu kama kiazi, wote wakacheka na yeye akacheka.

Alikuwa na mambo yake, kama watu wote wa kusini. Alitupenda sana, lakini bila jiko la mafuta, bila bunduki, bila miwani ya jua. Alimwomba Nutaraq aifiche bunduki nyuma ya sleji ya kuvutwa na mbwa, ashike chusa, mkuki wa zamani wa kuwindia. Nutaraq jana ameniambia mwenyewe alivyomjibu. "Nilimwambia, chusa hiki ni cha babu. Nikimngoja sili kwa hiki leo, mimi nitakula kesho kutwa na wewe utakula filamu yako." Wakakubaliana. Bunduki ikafanya kazi, chusa kikapigwa picha.

Asubuhi hiyo Nutaraq alimpata sili aliyekuwa anaota jua kando ya tundu lake. Wakamvuta mpaka karibu na hema. Uluriaq akatia theluji kinywani, akangoja, akainama, akadondosha maji. Sili akanywa. Masikio alikuwa amepiga goti kando, jicho kwenye kamera, na wakati huohuo filamu ikakatika ndani ya mashine. Baridi iliikausha ikakatika kama uzi mkavu. Hakupata kitu. Akabadilisha filamu, akanyoosha kidole kwa sili, akasema, "Tena."

Lugha yetu Masikio hakuijua, lakini neno hilo alikuwa amelishika. Alilishika kabla ya asante.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Uluriaq akacheka. Meno yalikuwa yanamuuma kwa ile theluji ya kwanza. Pale kando palikuwa na birika, birika la bluu lenye doa jeupe karibu na mdomo, wengi wenu mmeshakunywa chai yake. Lilikuwa limeondolewa jikoni muda, maji yameshakuwa vuguvugu, unaweza kutia kidole. Akalichukua, akafungua mdomo wa sili, akamimina. Mvuke ukapanda. Aprili asubuhi kila kitu kinatoa mvuke hapa kwetu, hata mkojo wa mbwa. Masikio akapiga picha, akafurahi, akamshika mkono.

Nutaraq anasema, "Nilimwona anachukua birika. Nilitaka kusema, nikanyamaza. Mgeni alikuwa anafurahi."

Baada ya hapo Nutaraq alikaa siku kumi na tisa bila kupata sili. Wengine walipata, yeye hakupata. Mimi siwaambii maana yake. Nawaambia siku, kumi na tisa.

Filamu ililetwa hapa kijijini mwaka wa sabini na moja, kwa ndege ya barua, ikaonyeshwa kwenye ukumbi wa shule. Nilikuwa na miaka mitano, sikumbuki. Nasimulia kama mama alivyonisimulia. Ukumbi ulijaa. Mwanzoni watu walicheka sana, kwa sababu walikuwa wanajiona. "Yule si mbwa wa Nutaraq, aliyekula buti la padri?" "Tazama koti la Uluriaq, hajabadilisha mpaka leo." Sauti ya mwanamume ilikuwa inazungumza kwa lugha ya kusini, si sauti ya Masikio, sauti nyingine, nzito. Salumi, mkalimani wa zahanati, alikuwa anatafsiri kwa kupaza sauti. Ikafika sehemu ya birika. Salumi akanyamaza.

Watu wakasema, "Anasema nini? Salumi, anasema nini?"

Salumi akasema, "Anasema mwanamke huyu anamtia sili maji yanayochemka, naye sili bado hajafa. Anasema watu hawa hawajafundishwa huruma."

Mashine ikaendelea kuzunguka. Hakuna aliyecheka tena. Uluriaq alikuwa benchi la tatu, Litia amelala mapajani pake. Mama yangu alikaa nyuma yake. Anasema Uluriaq alitamka neno moja tu, tena kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehesabu mishono. Alisema, "Hiyo ni ya pili."

Watu walidhani amechanganyikiwa. Nutaraq peke yake alielewa. Alichukua mtoto, wakaenda nyumbani.

Baada ya hapo zikaja barua. Zilikuja kwenye gunia, na ndege ya barua, kutoka miji ambayo hatujui iko wapi. Juu ya bahasha waliandika: kwa mwanamke wa birika. Salumi alisoma tatu akasema hasomi zaidi, macho yanamuuma. Gunia likaenda kuwashia moto. Uluriaq alibakiza moja. Ilikuwa ya mtoto, ina picha ya rangi: birika, sili, na matone makubwa ya buluu yanayotoka kwenye macho ya sili. Chini mtoto ameandika, "Nina miaka minane. Kwa nini ulimuunguza?"

Barua hiyo haikuwa na anwani ya kurudisha. Narudia, haikuwa na anwani. Padri aliigeuza pande zote, akaitazama kwenye taa, hakuna. Uluriaq alimuuliza, "Mtoto akikuuliza kitu, unamnyamaziaje?" Padri akamrudishia barua. Uluriaq akaiweka kwenye kopo la sindano zake.

Wasikilizaji wapendwa, mambo mengine mnayajua kuliko mimi. Filamu ile na nyingine kama ile zilizunguka. Ngozi za sili zikakosa mnunuzi. Wanaume waliokuwa wanalisha watu kumi wakaanza kukaa dirishani. Wapo vijana wa wakati ule tuliowazika, na sitataja majina, mama zao wananisikiliza. Hakuna aliyemlaumu Uluriaq usoni. Lakini watoto wakigombana shuleni, Litia aliambiwa, "Nenda zako, mtoto wa birika." Litia ananiambia alikuwa akirudi nyumbani analia, na mama yake anamwambia, "Njoo ushone."

Miaka ikapita thelathini na sita tangu ile asubuhi ya Masikio. Ikafika mwaka wa elfu mbili na nne.

Aprili ya mwaka huo akaja mama mmoja wa filamu kutoka kusini na vijana wake wawili. Tulimwita Mama Samahani, kwa sababu aliomba samahani kwa kila kitu. Akikanyaga theluji, samahani. Akipewa chai, samahani. Alikuwa ameiona filamu ya zamani na akaona aibu. Alikuja hapa studio, akakaa kiti hiki kilicho mbele yangu sasa, akasema, "Tumewasingizia. Nataka Uluriaq aonyeshe maji yale kama yanavyotolewa, na aseme mwenyewe maana yake. Filamu hii itaonyeshwa nchi zote zilikoonyeshwa ile."

Hebu fikirini tulivyofurahi. Baraza la kijiji lilikutana. Wanawake walikaanga mikate. Nilitangaza mimi mwenyewe, kwa sauti hii, kwamba jina letu litasafishwa. Uluriaq alipoulizwa, naye akauliza, "Wataonyesha na kule alikokuwa yule mtoto?" Mama Samahani akasema ndiyo, na kule. Uluriaq akasema, "Basi nitakuja. Sasa atakuwa mtu mzima. Atanisikia."

Narudia hilo ili mlielewe. Hakwenda kwa ajili ya jina letu. Alitaka kumjibu mtoto.

Wakatoka watu wanane, kwa skuta tatu. Mimi nilikuwemo. Mama Samahani naye aliomba skuta zifichwe nyuma ya jabali la barafu, akaomba samahani kwa kuomba. Nutaraq akavua kofia yake ya timu ya mpira wa magongo bila kuambiwa, akasema, "Nawajua hawa. Wanatupenda tukiwa tumekufa miaka mia." Alikuwa na miaka sabini na minne, akampata sili kwa risasi moja.

Uluriaq akatia theluji kinywani. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Aliiyeyusha polepole, jua likiwa usoni mwake, mashavu yamejaa. Akainama, akafungua mdomo wa sili kwa kidole gumba, akadondosha. Yakaingia yote. Akafuta mdomo wa sili kwa nyuma ya mkono, kama unavyomfuta mtoto. Kisha akainua uso kutazama kamera, tayari kusema maneno yake.

Kijana wa kamera alikuwa ameishika mashine ndani ya koti lake, anaipigapiga. Betri ilikuwa imekufa kwa baridi. Hakupata kitu.

Wakatia betri nyingine, iliyokuwa na joto la kwapa. Mama Samahani akaja, akapiga magoti mbele ya Uluriaq, machozi yanamtoka na kuganda. "Samahani sana, mama. Tafadhali, mara moja tena."

Uluriaq akasema, "Ameshakunywa."

Mkalimani akatafsiri. Mama Samahani akasema wataonyesha ile ya pili tu, hakuna atakayejua. Uluriaq akasema, "Yeye atajua," akamnyooshea sili kidole. Wakamwomba afanye bila maji, ajifanye tu. Akacheka. Wakamwomba basi aseme tu maneno bila kuonyesha. Akasema, "Mtoto aliona kwa macho. Maneno matupu ataamini vipi?" Nutaraq akamgusa bega. Litia akamwambia, "Mama, nakuomba. Mimi ndiye niliyeitwa mtoto wa birika." Uluriaq akamtazama binti yake kwa muda mrefu. Nasema tena, kwa muda mrefu. Nadhani hapo ndipo palimuuma kuliko pote. Akasema, "Nilishamfanyia mgeni mmoja. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu." Akachukua ulu, kisu chake, akaanza kumchuna sili.

Tulingoja siku tatu sili mwingine. Upepo ukaja, barafu ikafungwa na ukungu, ndege ikawa inaondoka. Wageni wakaondoka. Filamu yao ilitoka, nzuri, ina dubu wengi. Maji hayamo.

Sasa nafika mahali ambapo nilikuwa nataka nisifike.

Jioni ya siku ile ndege ilipoondoka, nilifungua simu za wasikilizaji kwenye kipindi hiki. Zikapigwa simu kumi na moja. Mmoja alisema, "Mwambieni mama huyo ngozi zetu zilioza ghalani kwa sababu ya birika lake." Mwingine akasema, "Kumimina maji dakika moja kungemgharimu nini? Sisi imetugharimu miaka thelathini." Mwingine akasema amezeeka, akili imeganda. Ningeweza kukata simu. Kitufe hiki hapa. Sikukata. Simu ya kumi na moja ilipoisha nikasema mimi mwenyewe, redioni: "Kwa kweli hata mimi simwelewi."

Redio ya Uluriaq haikuzimwa hata siku moja maishani mwake. Ilikaa juu ya friji. Alikuwa anatusikiliza. Nutaraq ameniambia alikuwa anashona soli, akasikiliza zote kumi na moja, na yangu ya kumi na mbili, na sindano haikusimama.

Kesho yake mchana mlango huu ulifunguka. Akaingia na bakuli limefunikwa kwa kitambaa. Mbavu za sili, zimechemshwa, bado zina joto. Akaziweka juu ya meza hii, juu ya karatasi za hali ya hewa. Akasema, "Kula, baba. Jana sauti yako ilikuwa ya mtu mwenye njaa."

Sikuweza kuomba msamaha. Nilikula. Alikaa hapo akanitazama nikila, kama alivyozoea. Nilipomaliza akasema, bila hasira, "Aliyenifundisha mara moja ni wewe. Nilikuwa hivi." Akaweka mkono usawa wa meza. "Ulinishika kidevu ukasema, mara moja, Uluriaq, usimfanye mjinga. Umesahau, baba?"

Nikasema, "Nimesahau, binti yangu."

Akasema, "Si neno. Ulikufa katikati."

Akachukua bakuli lake akaenda.

Miaka tisa imepita toka siku hiyo. Hakulizungumza tena. Alishona, alilea wajukuu, alishinda bingo mara nyingi kuliko haki. Mwezi wa pili mwaka huu kifua kikamkamata. Nesi alitaka apelekwe kusini kwa ndege. Akasema kule hakuna anayemjua isipokuwa kwa birika, akakataa.

Jumatatu hakula. Jumanne asubuhi Litia alinipigia akasema, "Anataka maji ya barafu kongwe. Anasema uyalete wewe." Nilikwenda kwenye ule mlima wa barafu ulionasa mdomoni mwa ghuba, nikavunja kipande cha buluu, nikarudi nacho ndani ya glavu. Nikakiyeyusha kwenye kikombe. Nutaraq alikuwa amekaa kitandani ameshika mguu wake. Nikachota kijiko, nikamfungua mdomo kwa kidole gumba, taratibu, nikadondosha. Yakaingia. Alimeza.

Litia akasema, "Mpe tena, midomo imekauka sana."

Nikachota tena. Kijiko kikafika. Uluriaq akafunga mdomo. Akanitazama. Sauti haikuwepo, lakini midomo ilitikisika na wote watatu tuliisoma. "Nimeshakunywa."

Alifariki kabla ya saa sita mchana. Nutaraq akasema, "Mke wangu alikuwa na kichwa kigumu kuliko chuma cha sleji." Akarudia mara kadhaa, halafu akaomba chai. Tukampa chai. Birika ni lilelile.

Jana Litia alifungua kopo la sindano. Barua ya mtoto ilikuwemo, rangi zimefifia. Nyuma yake Uluriaq ameandika kwa penseli. Hakuna tarehe. Litia ameniruhusu kusoma, nami nasoma yote, si ndefu.

"Mtoto, maji hayakuwa moto. Tia kidole uone. Sili alikuwa ameshakufa na ameshakunywa. Kosa langu ni kwamba nilimpa tena kwa ajili ya mtu aliyekuwa anatazama. Umeuliza vizuri. Mimi, Uluriaq."

Ndiyo hiyo tu. Anwani bado haipo. Mtoto huyo sasa ana karibu miaka hamsini, kama yupo, na hasikii redio yetu. Redio yetu haivuki hata ghuba.

Kwa niaba ya kituo, nampa pole Nutaraq, mkwe wangu. Nampa pole Litia, na wanawe, na mama yangu aliyefiwa na rafiki wa miaka sitini. Nawapa pole wanawake watatu waliobaki na mshono. Ibada ni Jumamosi saa nane mchana kanisani. Narudia, Jumamosi saa nane mchana. Vijana wanakusanya mawe ya kaburi, mwenye sleji awasaidie. Nyumbani kwa Litia kuna nyama ya sili, nendeni na vyombo.

Wale kumi na moja mliopiga simu mwaka ule, majina yenu ninayo na sitayasema. Mimi ni wa kumi na mbili. Kila mtu akae na lake, afikiri ni mara ngapi amefanya jambo kwa ajili ya anayetazama. Na mwenye sili leo, asimame, ampe sili wake maji kwanza kabla ya kufunga kamba.

Jambo la mwisho. Fundi mitambo amenionyesha kwa mkono kupitia kioo, anauliza tuanze saa ngapi jioni. Wasikilizaji wapendwa, walio ukingo wa barafu watasimuliwa na wenzao wakirudi. Mmeshasikia. Kipindi hiki hakitarudiwa.